Barua ya wazi kwa wanaosimamia ukaguzi wa nyumba za kupangisha Nairobi

Pipeline, Embakasi,
Nairobi.

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia ukaguzi wa majengo, katika kaunti na katika serikali ya kitaifa,

MINT: SIFA ZA WAKAGUZI BINAFSI WANAOIDHINISHA NYUMBA ZA KUPANGISHA

Pokeeni salamu zangu za heshima.

Mimi ni fundi wa vyuma. Kwa miaka 22 nimesuka nguzo na bimu katika majengo ya mji huu, na jioni hurudi kulala katika orofa ya tatu ya ploti ya orofa saba hapa Pipeline. Ina vyumba 84 na ngazi moja. Kabla ya leo nimewaandikia mara tatu. Barua ya kwanza niliileta kwa mkono mwezi wa Februari, ya pili Mei, ya tatu Agosti pamoja na picha. Zote zilipigwa muhuri wa kupokelewa na nakala ninazo. Jibu sina. Ndiyo maana naandika hadharani. Sitaki kumwaibisha mtu, ila majirani zangu wanalala chini ya cheti ambacho mimi, kwa kazi niliyoifanya maisha yangu yote, siwezi kukiamini.

Naomba mnisikilize kwanza kuhusu nguzo moja.

Iko chini kabisa, kando ya mfereji. Siku ya maji wanawake hupanga ndoo hapo, na watoto huichora kwa chaki. Mwishoni mwa mwaka jana niliona ufa umesimama wima kwenye pembe yake, kutoka usawa wa magoti yangu hadi kifuani. Plasta ilikuwa imebanduka chini na chuma kinaonekana, kimevaa kutu na kutoa magamba. Asiyejua atasema ni uchafu. Lakini kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Chuma kikianza kuoza ndani ya zege huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Ufa unaofuata mstari wa chuma si ufa wa plasta.

Nikafanya walivyonifundisha mafundi walionitangulia. Nilichanganya jasi kidogo, nikaibandika juu ya ufa, ukubwa wa kiberiti, nikaandika tarehe kwa penseli. Ufa ukiwa umelala, kibandiko hubaki kizima. Ukiwa unatembea, hupasuka. Wiki ya sita kilipasuka katikati, mstari mwembamba kama unywele. Siku hiyo ndipo nilipowaandikia barua ya kwanza.

Mwezi wa Aprili ajenti wa nyumba alikuja na kijana aliyevaa kofia ngumu nyeupe. Tuliambiwa ni mkaguzi binafsi, amekuja kuangalia jengo. Mvua ilikuwa imesimamisha kazi, kwa hiyo nilikuwa nyumbani, nikawafuata. Alipiga picha lango, akapiga picha ngazi, akapanda hadi orofa ya pili akarudi. Paa hakulifikia, na huko juu kuna matangi manne ya lita 10,000. Lita 10,000 za maji ni tani 10, kwa hiyo yakijaa ni tani 40 juu ya vichwa vyetu. Hakuuliza ramani ya jengo. Alipofika kwenye nguzo alikiona kibandiko changu, akamgeukia keateka, mtunzaji wa nyumba yetu: "Nani amechafua hapa? Pigeni rangi."

Nikamwambia, "Kijana wangu, hiyo nimeiweka kupima kama ufa unatembea."

"Mzee, hiyo ni plasta tu."

Nikamuuliza amesomea nini na amesajiliwa wapi. Aliyejibu ni ajenti, kwamba hayo si mambo ya wapangaji. Tangu waingie langoni hadi watoke hazikupita dakika 20. Wiki iliyofuata cheti kilibandikwa mlangoni: jengo ni salama kukaliwa. Sahihi ipo, lakini jina halisomeki na namba ya usajili haipo. Nguzo sasa ina rangi ya krimu.

Simlaumu sana yule kijana. Sikuona dalili ya uovu kwake. Niliona mtu aliyetumwa kazi asiyoijua, na hakuna popote alipozuiwa kuifanya. Hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanza, na nayapanga kwa namba ili yajibiwe kwa namba.

1. Hatujui ni nani anayestahili kuitwa mkaguzi.

Mimi ninayesuka vyuma natakiwa niidhinishwe na mamlaka ya ujenzi ya kitaifa, kwa sababu sheria ya mwaka 2011 iliyoiunda iliipa kazi ya kuwatambua mafundi na wasimamizi wa maeneo ya ujenzi. Fundi wa stima lazima awe na leseni, na leseni hizo zina madaraja: anayeruhusiwa kuunganisha nyumba ndogo haruhusiwi kugusa mitambo mikubwa. Lifti ya mahali pa kazi hukaguliwa kila miezi sita na mtu aliyeidhinishwa kwa kazi hiyo, chini ya sheria ya usalama kazini ya 2007. Kwa hiyo nchi hii inajua kuuliza, "Wewe ni nani, na umesomea nini?" Inamuuliza fundi, inamuuliza wa stima, inamuuliza wa lifti. Nilipoomba kwenu orodha ya watu wanaoruhusiwa kukagua jengo zima lenye familia 84 ndani yake, sikupewa. Kama orodha hiyo ipo, ichapisheni ili hata keateka aweze kumuuliza mgeni namba yake langoni.

2. Ujuzi wa aina moja hautoshi, na cheti kimoja hakiwezi kusema kila kitu.

Hapa naomba uvumilivu wenu, maana hili ndilo linaloninyima usingizi. Nyumba ya kupangisha ya Embakasi si kitu kimoja. Chini yake mara nyingi kuna udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Asiyeujua hawezi kutofautisha jengo lililotulia na jengo linaloinama polepole. Juu ya udongo huo kuna zege. Kulijua zege si kulitazama tu. Kuna nyundo maalumu ya kupimia ugumu wa uso wake, kuna kifaa cha kutafuta chuma kimezama kiasi gani, na penye shaka hukatwa kipande kikapelekwa maabara. Kisha kuna ramani. Jengo lililoidhinishwa kwa orofa nne likaongezwa tatu linabeba mzigo ambao nguzo zake hazikupigiwa hesabu, na hilo hulioni kwa kupiga picha lango. Lazima ushike ramani mkononi na uhesabu orofa kwa kidole.

Halafu njoo kwenye stima. Mita zetu zote zimekaa chini ya ngazi, nyaya zimefungwa kwa mipira ya baiskeli, na juu yake bomba la choo linadondosha maji. Njoo kwenye moto: ngazi moja, madirisha yote ya orofa ya kwanza na ya pili yana vyuma, mlango wa paa una kufuli na ufunguo anao keateka, ambaye Jumapili huenda kwao. Mitungi ya gesi iko kwenye vibaraza, mahali ambapo sote tutapitia tukikimbia.

Mhandisi mzuri wa barabara anaweza kuwa amesajiliwa kihalali chini ya Sheria ya Wahandisi ya 2011 na bado asijue lolote kuhusu kufuli ya paa. Afisa mzuri wa afya anaweza kuuona uchafu wa choo na asiuone ufa wa nguzo. Sisemi atafutwe mtu mmoja anayejua yote, kwa sababu hayupo. Nasema kila sehemu itiwe sahihi na mtu anayeijua sehemu hiyo, na anayeongoza ukaguzi awe amefunzwa kukagua jengo ambalo watu tayari wanaishi ndani. Kukagua jengo linalojengwa ni jambo jingine. Kwenye mjengo chuma unakiona kabla hakijafunikwa. Kwenye ploti ya miaka 15 unakitafuta nyuma ya rangi, kabati na vitanda vya watu, na inabidi ujue kuongea na mama wa nyumba akuruhusu kusogeza kabati.

3. Anayekaguliwa ndiye anayemchagua mkaguzi, ndiye anayemlipa, na ndiye anayepokea ripoti.

Mkaguzi aliyeitwa na ajenti anajua kwamba akiandika ukweli mchungu hataitwa tena, na kwamba ajenti huyo ana ploti nyingine kumi za kukaguliwa. Hata mtu mwaminifu hujikuta akiandika "ufa mdogo". Sijui kama kijana wetu alikagua mahali pengine popote kwa ajenti yuyo huyo, wala hakuna mahali ningeweza kuangalia.

4. Cheti hakisemi kilichotazamwa.

Chetu kina mistari mitatu. Hakisemi kama paa lilifikiwa, kama ramani ilionekana, wala vyumba vingapi kati ya 84 vilifunguliwa.

5. Hatari ikionekana, hatujui nani anatakiwa kufanya nini, na kwa muda gani.

Usiku wa Ijumaa tarehe 29 Aprili 2016 mvua ilinyesha sana, na jengo la orofa sita likaanguka Huruma, karibu na mto. Watu wapatao 50 walikufa. Nilikuwa miongoni mwa mafundi waliokwenda kusaidia kukata vyuma, na sitaeleza niliyoyaona. Ninachotaka mkumbuke ni kwamba jengo lile lilikuwa limekwisha kutajwa kuwa si salama kabla halijaanguka. Kulikuwa na mtu aliyelitazama na kujua, lakini alichojua hakikuwafikia waliolala ndani kwa namna ya kuwaamsha. Miaka mitatu baadaye, Septemba 2019, darasa liliporomoka Ng'ando na watoto wanane wakafa. Desemba mwaka huo huo jengo la kupangisha likaanguka Tassia, na kutoka kwangu hadi Tassia mtu huenda kwa miguu.

Waheshimiwa, najua mtakayosema, kwa sababu mengine nimeambiwa kaunta.

Mtasema wakaguzi wa serikali ni wachache na majengo ni mengi. Ni kweli, na kwa sababu hiyo hiyo sipingi wakaguzi binafsi. Mji huu hauwezi kukaguliwa bila wao. Lakini mkimpa mtu wa nje kazi yenu, mnampa pia jina lenu. Mpangaji akiona cheti mlangoni haoni kampuni ya mtu, anaona serikali imesema lala.

Mtasema masharti makali yatapandisha ada, na ada itaishia kwenye kodi ya mpangaji. Tupige hesabu. Tuseme ukaguzi wa kweli, wenye mhandisi, fundi wa stima na mtu wa moto, unagharimu 126,000 kwa ploti kama yetu, mara moja kila miaka mitano. Gawanya kwa vyumba 84, ni 1,500 kwa chumba. Gawanya kwa miezi 60, ni shilingi 25 kwa mwezi, ambazo hazinunui mandazi matatu kwa yule mama wa langoni. Nimewauliza majirani wa orofa yangu, mmoja mmoja, kama wangetoa. Hakuna aliyekataa.

Mtasema sheria mpya zimeshatungwa. Naam, Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za 2024 zilianza kutumika Machi 2025 baada ya nchi kuishi miaka mingi chini ya zile za 1968, na nilifurahi. Lakini kanuni haipandi ngazi. Anayepanda ni mtu, na swali langu ni kuhusu mtu huyo.

Mtasema wapangaji wenye wasiwasi wana uhuru wa kuhama. Tuhamie wapi? Ploti ya jirani ina cheti cha namna hii hii. Na mtoto wa darasa la sita hahamishwi katikati ya muhula kwa sababu baba yake ameona ufa.

Wala hili si jambo geni duniani. Seattle, huko Marekani, mwenye nyumba ya kupangisha anaweza kumtumia mkaguzi wa mji au mkaguzi binafsi, lakini huyo binafsi lazima awe amesajiliwa na mji, awe na cheti kinachotambulika cha ukaguzi wa majengo au makazi, na awe amepitia mafunzo ya mji wenyewe. Uingereza ilijifunza kwa uchungu. Baada ya jengo la Grenfell kuungua London mwezi wa Juni 2017 na kuua watu 72, ilitungwa sheria ya usalama wa majengo ya 2022, na tangu 2024 wakaguzi wa majengo, wa serikali na wa binafsi, wanatakiwa kusajiliwa kwa madaraja baada ya kupimwa uwezo. Mwanafunzi hufanya kazi chini ya msimamizi, na jengo refu halipewi mtu wa daraja la chini. Sisi tumezika wetu Huruma. Hatuhitaji kungoja wengine.

Ninachoomba ni hiki.

Kwanza, fungueni daftari la wakaguzi binafsi wa nyumba za kupangisha, lenye majina, namba na daraja la kila mmoja kulingana na urefu wa jengo, na mliweke mahali ambapo mpangaji yeyote anaweza kulisoma kwa simu. Asiyekuwemo asitie sahihi. Cheti kilichotiwa sahihi na asiyekuwemo kihesabiwe karatasi tupu.

Pili, wekeni masharti ya kuingia katika daftari hilo: masomo yanayohusu majengo, miaka ya kazi chini ya mkaguzi mwenye uzoefu, mtihani wa kuandika na mwingine wa kufanyiwa ndani ya jengo halisi lenye watu, bima ya kulipia makosa yake, na kusajiliwa upya kila baada ya miaka michache. Msitusahau mafundi. Wako waashi na wasuka vyuma wa miaka 30 wasio na diploma ambao husoma ufa kama barua. Wapeni njia ya kupimwa na kuingia kama wasaidizi wa wakaguzi.

Tatu, mkaguzi asichaguliwe na mwenye nyumba. Mwenye nyumba alipe kwenu, nanyi mtoe jina kwa zamu. Mwenye hisa, undugu au kazi nyingine na mwenye nyumba au ajenti akae kando.

Nne, ripoti nzima ibandikwe pale cheti kinapobandikwa, ikisema kilichotazamwa na kisichotazamwa. Mkaguzi akiona hatari ya kuangusha jengo, awajulishe wakaaji siku hiyo hiyo, kwa mdomo na kwa maandishi, kabla hajamjulisha mwenye nyumba.

Tano, ninyi wenyewe rudieni baadhi ya kazi zao bila kuwaarifu. Aliyeidhinisha jengo bila kupanda paa afutwe, na jina lake libaki katika daftari likionyesha kwamba amefutwa na kwa nini.

La mwisho ni la haraka. Kifungu cha 35 cha Katiba kinanipa haki ya kupata habari mlizonazo, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa siku 21 kujibu, ila inapohusu uhai wa mtu ni saa 48. Naomba jina na sifa za aliyetia sahihi cheti cha jengo letu, pamoja na nakala ya ripoti yake. Ninaamini uhai wa watu wa vyumba 84 unastahili hizo saa 48. Na naomba mtume mtu anayeijua kazi aje aiangalie nguzo.

Jumamosi iliyopita nilikwangua rangi ya krimu kwa kisu, nikabandika jasi mpya juu ya ufa, nikaandika tarehe kwa penseli. Wapangaji wote wameombwa wasiiguse, na mama wa mandazi, ambaye yuko hapo tangu saa kumi alfajiri, amekubali kuilinda. Mkaguzi wenu amuulize yeye, atamwonyesha.

Wenu mtiifu,

Fundi wa vyuma na mpangaji, orofa ya tatu,
Pipeline, Embakasi.

Nakala: Wapangaji wote wa ploti, mwenye nyumba.